Winga Aliyezeeka: Aongezewe Mkataba au Aagwe kwa Heshima?

Wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya kijana mwenye pupa, lakini yamfaa pia mchezaji ambaye miguu imeanza kumsaliti. Kila msimu wa kandanda unapofikia tamati, viongozi wa timu huketi na orodha ya wachezaji mkononi, nao hukutana na jina moja linalowatoa jasho. Ni jina la mtu aliyeitumikia timu kwa miaka mingi, anayependwa na mashabiki, na ambaye kila mmoja ajua kwamba hakimbii tena kama zamani. Mkataba wake umekwisha. Je, aongezewe mwingine au aambiwe kwaheri?

Hebu tulitazame suala hili kwa mfano wa hapa kwetu. Tuseme ipo timu moja ya Kitengela ambayo winga wake wa kulia ametimiza miaka 34. Kwa misimu kumi amepanda na kushuka ubavuni mwa uwanja, katika viwanja vya vumbi kutoka Noonkopir hadi Isinya, na hadi mjini Kajiado kwenyewe. Msimu uliopita alikuwa akitolewa uwanjani dakika ya 60, akihema. Nyuma yake wamo vijana wawili waliomaliza kidato cha nne juzijuzi, wenye mbio za swara, ambao wameukalia ubao wa akiba hadi wamechoka. Mweka hazina anasema mfuko hauna kitu. Mashabiki wanasema kwamba bila mkongwe wao hawatakanyaga uwanjani. Naye mkufunzi amekwama katikati: akimwacha ataambiwa hana shukrani, akimbakiza ataambiwa anawazibia vijana njia.

Timu hiyo ni ya kubuni, lakini sidhani kuna mwalimu wa michezo katika kaunti ya Kajiado asiyeijua. Ameiona shuleni, ameiona mtaani, na pengine yeye mwenyewe amewahi kuwa winga huyo.

Rai yangu ni hii: winga huyo aongezewe mkataba, ila usiwe ule ule aliokuwa nao. Uwe wa msimu mmoja, utaje waziwazi kazi anayoajiriwa kuifanya, na uoneshe tangu mwanzo mlango atakaotokea. Endapo timu haiwezi kuandika mkataba wa namna hiyo, basi na imwage kwa heshima, tena mapema. Kosa letu kubwa ni kwamba tumezoea kuuliza, “Ana miaka mingapi?” ilhali swali lenye manufaa ni, “Tunamtaka kwa kazi gani?”

Tuanze na nchi ambako swali hili hujadiliwa kila mwaka bila haya. Huko Marekani na Japani watu wanaupenda mchezo wa besiboli kama sisi tuipendavyo soka. Katika mchezo huo wachezaji watatu husimama nyuma kabisa ya uwanja, kazi yao ikiwa ni kuukimbilia mpira uliopigwa mbali na kuudaka kabla haujagusa ardhi. Ni kazi ya miguu, kama ilivyo kazi ya winga. Mchezaji wa nafasi hiyo anapozeeka hakuna pa kujificha, kwani mpira ambao jana aliudaka leo huanguka hatua mbili mbele yake, na maelfu ya watazamaji wakishuhudia.

Mmoja wa mabingwa wa nafasi hiyo ni Ichiro Suzuki, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1973. Alijiunga na klabu ya Seattle Mariners mwaka 2001, na mwaka huo huo akatangazwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 2004 mipigo yake iliyofanikiwa ilifikia 262, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja wa ligi kuu za Marekani. Mwaka 2012 alihamishiwa New York Yankees, na baadaye akaichezea Miami Marlins. Kisha mwezi Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 44, Mariners ambao walikuwa na majeruhi katika safu yao ya nyuma wakamrudisha kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Wapo waliosema kwamba huo ulikuwa wazimu, na kwa upande mmoja hawakukosea. Baada ya mechi 15 tu, ilipoingia Mei, ilibainika kwamba miguu na mikono haikuwa ile ya 2001. Lakini tazama klabu ilifanya nini. Haikumfukuza. Ilimpa kazi ya mshauri, akawa anafanya mazoezi na vijana kila siku, akiwafunza jinsi ya kujiandaa, pasipo kuingia uwanjani siku ya mechi. Machi 2019 Mariners walipokwenda kucheza Tokyo, alipewa mechi mbili mbele ya watu wa nchi yake, naye akastaafu akishangiliwa. Mwaka 2025 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo, akikosa kura moja tu kati ya kura zote zilizopigwa. Klabu ilikosea kuhusu miguu yake, lakini kwa kuwa mkataba ulikuwa mfupi na kazi ya pili ilikuwepo, kosa hilo halikumdhuru mtu.

Sasa turudi nyumbani. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Mnamo Januari 2019 Dennis Oliech, akikaribia kutimiza miaka 34, alirejea kucheza Kenya kwa kutia sahihi mkataba wa miaka miwili na Gor Mahia. Alikuwa kijana wa miaka 18 alipofunga bao dhidi ya Cape Verde mwaka 2003, bao lililoipeleka Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2004 nchini Tunisia. Baadaye alisakata kabumbu Qatar, kisha Ufaransa katika klabu za Nantes, Auxerre na Ajaccio. Hata hivyo, aliporudi alikuwa amekaa nje ya soka ya ushindani kwa muda. Alifunga mabao machache, timu ikatwaa ubingwa wa ligi, na kabla mwaka haujaisha mkataba ukavunjwa, wakati ambapo mchezaji mwenyewe alikuwa ametangaza nia ya kuwania kiti cha ubunge cha Kibra katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019. Aidha, mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa imesitisha udhamini wake wa michezo nchini, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini.

Sikusudii kuhukumu ni nani aliyemkosea mwenziwe. Ninachosema ni kwamba miaka miwili ni mingi mno kwa mchezaji aliyerudi baada ya kupumzika, na ni mingi mno kwa klabu ambayo haijui kama mfadhili wake atakuwepo mwakani. Mkataba mrefu uliokosa kazi ya pili ukivunjika, pande zote mbili hubaki na uchungu. Klabu huona imepoteza pesa, naye mchezaji huona amedharauliwa na watu wake.

Mlinganishe na Allan Wanga, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1985. Akiwa katika miaka yake ya 30 aliichezea Kakamega Homeboyz na kuendelea kutikisa nyavu katika ligi kuu, huku akishika wadhifa wa michezo katika serikali ya kaunti ya Kakamega. Miguu yake ilikuwa na kazi, na akili yake pia ilikuwa na kazi. Siku ambayo miguu ingekataa, mtu huyo hakuwa wa kurandaranda mjini akitafuta pa kushika.

Mfano mwingine ni wa Victor Wanyama. Mwishoni mwa 2022, akiwa na miaka 31, klabu ya CF Montréal ya Kanada ilimpa mkataba mpya wa kufika mwisho wa msimu wa 2024. Muda ulipokwisha haukuongezwa, na mwaka 2025 akaenda kuichezea Dunfermline ya Scotland. Ulikuwa mkataba uliokuwa na mwanzo na mwisho, ukatimizwa, kisha kila upande ukashika njia yake.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba nawatetea wakongwe bila kujali chochote. La hasha! Upo ukongwe unaoificha aibu ya taifa zima, na historia ya kriketi yetu yatosha kuwa onyo. Mwaka 2003 Kenya, chini ya unahodha wa Steve Tikolo, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tikolo alistaafu baada ya Kombe la Dunia la 2011. Lakini ilipofika wakati wa mechi za kufuzu, wakuu wa mchezo huo walitazama nyuma yake wasione wa kutosha. Wakamwita tena akiwa na umri wa miaka 42, naye akacheza hadi Januari 2014 huko New Zealand. Mwaka huo huo Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Je, tumlaumu Tikolo? Hasha. Mzee aliyeitwa kuubeba mzigo akaitika hastahili lawama. Wa kulaumiwa ni wale waliokaa zaidi ya miaka kumi baada ya 2003 pasipo kuandaa warithi. Hapo ndipo tunapaswa kuwa macho: mkongwe akihifadhiwa ili awalee vijana, timu hupata faida, lakini akihifadhiwa kwa sababu hatukuwalea vijana, tunaahirisha msiba tu.

Ni vema sasa tuuchunguze mwili wenyewe, maana mjadala huu hujaa hisia na kusahau elimu ya viumbe ambayo wanafunzi wetu wanaifahamu. Misuli ya binadamu ina nyuzi za aina mbalimbali. Zile zinazotoa nguvu ya ghafla, ya kuchomoka kama mshale, ndizo zinazodhoofika mapema kadiri umri unavyosonga. Zile zinazostahimili mwendo wa muda mrefu hudumu zaidi. Ndiyo sababu mkimbiaji wa marathoni aweza kushinda akiwa na miaka 35, ilhali wakimbiaji wengi wa mita 100 huwa wamekwisha kushuka kufikia umri huo. Vilevile jeraha la msuli linalopona kwa wiki mbili kwa kijana huweza kumlaza mkongwe mwezi mzima. Winga, kwa bahati mbaya, huishi kwa nguvu ile ya ghafla.

Lakini kuna jambo ambalo umri hauliondoi upesi, nalo ni macho ya kuusoma mchezo. Mkongwe ajua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Ajua ni lini beki amechoka, na ni lini mwamuzi amekasirika. Ajua kuwatuliza wenzake bao likifungwa dakika ya pili. Roger Milla alikuwa na umri wa miaka 38 katika Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Mkufunzi wa Cameroon hakumtaka akimbie dakika 90. Alimwingiza kipindi cha pili, wakati mabeki wamechoka, naye akafunga mabao manne na nchi yake ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufika robo fainali. Huko ndiko kumtumia mtu kwa kile alicho nacho.

Tuna mfano wa karibuni pia. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa fainali za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Harambee Stars, waliokuwa wakishiriki kwa mara ya kwanza, walifika robo fainali na kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Nahodha wao alikuwa beki Abud Omar, aliyekuwa akikaribia miaka 33. Mshambulizi wao Ryan Ogam hakuwa ametimiza miaka 21, naye alizifunga Morocco na Zambia katika hatua ya makundi. Hakuna aliyesikika akisema kwamba mmoja wao alikuwa amemzibia mwenziwe njia, kwani kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hekima hii. Ipo hapa hapa Kajiado, na ilikuwepo kabla ya mpira wa kwanza kuletwa nchini. Jamii ya Wamaasai imejenga maisha ya mwanamume juu ya marika, na kila rika lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Katika Enkipaata wavulana huandaliwa kuingia katika rika. Katika Eunoto morani hunyolewa nywele zake ndefu, ishara kwamba ujana wa vita umefikia ukingoni. Katika Olng'esherr, sherehe ya kula nyama, umorani hufungwa rasmi na mtu huwa mzee. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziorodhesha sherehe hizi tatu miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika katika vilima vya Maparasha, katika kaunti hii, kuadhimisha Olng'esherr.

Nataka tuzingatie mambo mawili katika utaratibu huo. Kwanza, morani haambiwi ghafla kwamba amezeeka. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba siku hiyo itafika, na ikifika inasherehekewa. Pili, anayetoka hatoki akawa bure. Wazee wa olpiron, ambao huwatangulia vijana kwa marika mawili, ndio wanaokabidhiwa jukumu la kuwalea na kuwaadibu. Mkuki huwekwa chini, lakini mikono haiachwi mitupu. Utu uzima, walivyosema Waswahili, ni dawa. Jamii iliyojua hivyo haikumtazama mzee kama chombo kilichovunjika.

Mlinganishe mwanamume huyo na mchezaji wetu wa soka. Mwalimu wa shule ya umma anajua siku yake ya kustaafu. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na kila mwalimu anaweza kuhesabu miaka aliyobakiza. Mchezaji hahesabu chochote. Aghalabu hupata habari kwa simu, au kwa kuona jina lake halimo katika orodha iliyobandikwa ukutani. Hana malipo ya uzeeni, hana cheti, na mara nyingi hana hata mechi ya kuagwa. Kijana aliyetumia miaka yake 15 bora kuwafurahisha watu hurudi mtaani Kitengela kutafuta kibarua katika viwanda vya Athi River, akiulizwa ana ujuzi gani.

Hapa ndipo hoja ya upinzani inapostahili kusikizwa kwa makini, kwa sababu si hoja ya kipuuzi. Wanaopinga wanasema: nafasi ni chache, vijana ni wengi. Sensa ya 2019 ilionesha kwamba kaunti ya Kajiado ina watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake una zaidi ya 150,000. Kila mwaka shule zetu hutoa vijana wenye vipaji. Kila dakika anayocheza mzee wa miaka 34 ni dakika aliyonyimwa kijana wa miaka 19, na kijana hajifunzi kuogelea akiwa amekaa ufuoni. Zaidi ya hayo, viwanja vyenyewe vinapungua kwa kuwa mashamba yanakatwakatwa kuwa ploti. Je, katika uhaba huo wote, ni haki tumhifadhie nafasi mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi?

Nakubali uzito wa hoja hiyo, na ndiyo maana sisemi mkongwe ahifadhiwe nafasi yake ya zamani. Akidai kuanza kila mechi kwa sababu ya jina lake, basi mlango wa kutokea na ufunguliwe siku hiyo hiyo. Lakini tusijidanganye kwamba kumwondoa mkongwe ni sawa na kumlea kijana. Timu ngapi zimewafukuza wazee wao wote kwa mkupuo, zikabaki na vijana ishirini wenye mbio wasiojua waende wapi? Kijana hajifunzi kwa kupewa nafasi tu. Hujifunza kwa kuwa na mtu kando yake anayemwambia, “Usikimbie sasa, ngoja beki ageuke.” Mkufunzi aliye nje ya chaki hawezi kumwambia hilo kwa wakati ufaao. Mkongwe aliye umbali wa hatua tano anaweza.

Kwa hivyo mkataba wa winga wetu uweje? Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa mchezaji wa kulipwa uwe wa muda usiopungua hadi mwisho wa msimu na usiozidi miaka mitano. Timu, basi, ina uhuru wa kutosha. Naona mambo manne yanapaswa kuandikwa.

La kwanza ni muda. Uwe msimu mmoja, na uamuzi wa kuendelea au kutoendelea utolewe miezi mitatu kabla ya msimu kwisha, ili mtu asipigwe na mshangao.

La pili ni kazi. Iandikwe kwamba atakuwa mchezaji wa kuingia kipindi cha pili, au atahamia nafasi isiyodai mbio nyingi, na kwamba wale vijana wawili ndio watakaoanza. Maneno haya yakisemwa mdomoni husahaulika. Yakiandikwa hakuna wa kulalamika.

La tatu ni mafunzo. Kwa siku mbili za kila wiki awe mkufunzi msaidizi wa timu ya vijana, na klabu imsaidie kuanza kozi za leseni za ukufunzi zinazotambuliwa na CAF. Shule zetu za upili zinawahitaji mno watu wenye ujuzi huo, kwani mara ngapi mwalimu wa Kemia hupewa filimbi na kuambiwa yeye ndiye mkufunzi?

La nne ni malipo. Yawe madogo kuliko ya zamani, lakini yalipwe. Ni afadhali kumwambia mtu ukweli kwamba hamna kitu kuliko kumtilisha sahihi mkataba wa fedha zisizokuwepo, kisha kumpeleka mbele ya Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Michezo kudai haki yake.

Mchezaji naye ana wajibu. Asikubali mkataba kwa sababu anaogopa kukaa nyumbani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kumalizika kwa mbio si mwisho wa mpira. Akiona kwamba hawezi kumfundisha kijana atakayemwondoa, basi aondoke mwenyewe, maana uwepo wake utakuwa sumu katika chumba cha kubadilishia nguo.

Wengine watauliza kwa nini nimepoteza wino juu ya winga mmoja wakati nchi ina matatizo makubwa. Jibu langu ni kwamba vijana wanatutazama. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kipaji akiona jinsi mkongwe wa mtaa wake alivyotupwa, hujifunza somo moja: kwamba umri ni kosa. Na mtu akiamini kwamba umri ni kosa, atauficha. Ndiyo chanzo cha ule ugonjwa wa kupunguza miaka ambao umezitia aibu timu nyingi za vijana barani Afrika, hata FIFA ikaanza kutumia picha za mifupa ya kiganja katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009 nchini Nigeria. Tunawakemea vijana kwa udanganyifu, ilhali sisi wenyewe tumewaonesha kwamba mwenye miaka 34 hana thamani. Mchezaji anayejua kwamba kuna kazi ya heshima inayomngoja upande wa pili hana haja ya kughushi cheti cha kuzaliwa.

Enyi walimu, lipelekeni suala hili darasani. Wapeni wanafunzi wenu upande mmoja na mwingine, wajadiliane, wapime fedha na utu, mbio na akili, haki ya kijana na deni la timu kwa mzee. Watagundua wenyewe kwamba timu inayojua kumtumia mkongwe kwa muda unaofaa, na kumwaga kwa wakati unaofaa, inawaambia vijana wake kwamba nao hawatatupwa. Nanyi viongozi wa timu za Kitengela na Kajiado, msisubiri dirisha la usajili lifungwe. Mwiteni winga wenu leo, mketi naye, mumweleze mnamtaka kwa kazi gani. Ikiwa hamna kazi ya kumpa, mwambieni hivyo, kisha mmwandalie mechi ya kumuaga.